Walimwita Mwanamke

Mume wangu alikuwa askari magereza hapa Mbale, na pia bondia wa kulipwa. Mwaka mmoja katika ile ya tisini alikwenda Jinja kupigana na kijana wa huko. Nilifuatana naye, kwa sababu kukaa nyumbani Malukhu nikingoja habari kulinishinda.

Kufika raundi ya sita macho ya mume wangu yalikuwa yamefumbwa na uvimbe. Alikuwa anapiga hewa. Yule kijana akashusha mikono, akamgeukia refa.

"Huyu haoni," alisema. "Mimi simpigi tena."

Refa alimwamuru aendelee. Yeye akaenda kwenye kona yake, akaketi. Basi ushindi akapewa mume wangu, ambaye ilibidi ashikwe bega ageuzwe upande wa watu.

Watu walirusha chupa. Walimzomea kijana: mwanamke, mwanamke. Nilikuwa katikati yao na mimba kubwa, nikisikia jina langu mimi likitemwa kama uchafu. Mpaka leo nikikumbuka damu hunichemka.

Mume wangu naye aliona amedhalilishwa. Kuhurumiwa mbele za watu, alisema, ni sawa na kuvuliwa nguo. Kocha wake alikuja nyumbani hata uvimbe haujashuka, akasema aibu ile itafutwa na pambano lingine. Nilimwambia kama anataka mtu apofuke, apande ulingoni mwenyewe. Alicheka, akamgeukia mume wangu.

"Afande, nyumba hii anaiongoza nani?"

Hapo hapo mume wangu akakubali.

Kijana wa Jinja alikataa marudiano. Wakamleta mwingine, na huyo hakuacha kupiga. Mume wangu alitolewa ukumbini amebebwa. Jicho la kushoto halikuona tena.

Kocha hakukanyaga wodini. Aliyekuja ni yule kijana wa Jinja. Mapambano alikuwa hapewi tena. Alikuwa akiuza samaki Wanyange, karibu na Jinja. Alikaa kando ya kitanda, akachukua bakuli la uji, akaupuliza upoe. Mume wangu akageukia ukutani.

Hasira niliyoipata siku ile sijawahi kuipata tena.

"Geuka umsalimie mgeni," nilimwambia. "Katika wanaume wote wa ndondi zako, huyu peke yake ndiye aliyetaka urudi nyumbani."

Kisha akageuka taratibu, akafungua kinywa, akalishwa. Asante hakusema.