Kumpima Mama Mkwe Presha

Nimechoka na ile mashine ya presha. Iko kwenye rafu, ndani ya mfuko wake wa zipu, na kila asubuhi lazima niishushe. Ningekuwa na hiari ningemwachia mtu mwingine kazi hii ya kujitolea ya afya, lakini kijijini kwetu, huku upande wa Kalamba, hakuna anayeitaka. Wazee wakishaanza kukuita daktari, hata kama unachojua ni kufunga kile kitambaa cha mkononi tu, umekwisha.

Mama mkwe alihamia kwetu kutoka Kyuso baada ya baba mkwe kufariki. Alikuwa na presha, na kliniki ilitaka apimwe kila asubuhi kabla ya kumeza dawa, na matokeo yaandikwe kwenye daftari. Mke wangu huuza mitumba Mukuyuni, na siku nyingi huondoka kabla jua halijatoka. Kwa hiyo mpimaji nikawa mimi.

Asiye Mkamba huenda asione shida iko wapi. Sisi tuna nthoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mwanamume na mama wa mkewe. Hamkai meza moja, hamshikani mikono, hamtazamani usoni. Mama huyu aliishika nthoni kuliko watu wengi wanavyoshika dini. Hata tukiwa wawili tu uani, alizungumza nami kupitia mtu ambaye hayupo: "Mtu amwambie baba ya watoto kuku wameingia kwa mahindi."

Basi tukabuni njia yetu. Alisimama chumbani mwake, nyuma ya mlango, akajifunga kitambaa mwenyewe juu ya kiwiko, kisha akautoa mkono nje kupitia mwanya. Mimi niliketi nje kwenye kigoda, mashine mapajani, nikitazama banda la mbuzi. Mkono wake ulining'inia wote, vidole vikielekea chini. Nilibonyeza, nikasoma, nikaandika.

"Imesema nini?" aliuliza kutoka ndani.

"Iko juu, mama," niliujibu mlango.

Kanuni nilizijua. Kwa wanakijiji wengine nilikuwa mkali kama mwalimu wa zamu: keti, egemea, nyayo chini, usikunje mguu, mkono juu ya meza usawa wa moyo, nyamaza dakika tano. Kuna mzee niliyemrudisha mwisho wa foleni mara mbili kwa sababu ya kupiga soga wakati anapimwa. Lakini kwa mama mkwe niliona aibu kusema toka, uje uketi mbele yangu. Nilijiambia tofauti haiwezi kuwa kubwa.

Kliniki ikasoma daftari langu, ikaongeza dawa. Mwezi uliofuata nikaandika tena kwamba iko juu, nao wakaongeza tena. Nilijiona mtu wa maana sana, na mwandiko wangu ulisifiwa.

Ndengu zikakauka, tukaingia shambani. Mama mkwe alikuwa ameinama tangu asubuhi akichuma maganda, akikataa kupumzika. Karibu saa sita aliinuka kunyoosha mgongo, akasimama kidogo, akaanguka chini. Nilikuwa hatua kumi kutoka alipokuwa na nikasita kumshika. Nilisita, sitaficha. Nikaita jirani wa kike amwinue, na tulipofika hospitalini tukaambiwa nyonga imevunjika.

Muuguzi alimpima akiwa amelala, presha ikawa ya kawaida. Akakiinua kitanda upande wa kichwa, akampima tena, ikashuka sana, na mama akasema anaona giza. Muuguzi alilifungua daftari langu, akanitazama.

"Ulikuwa unampima akiwa amekaa aje?"

"Hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama, mkono umening'inia."

"Na si ulifunzwa?"

Alinieleza polepole, bila kelele, na afadhali angenifokea. Mkono ukining'inia chini ya moyo, mashine inasoma presha kubwa kuliko iliyopo. Mama alikuwa ameongezewa dawa mara mbili kwa presha ya juu ambayo hakuwa nayo, na kila aliposimama, damu haikufika kichwani vizuri.

Aliporudi nyumbani, mke wangu aliweka kiti chenye mgongo karibu na meza, akaniambia mambo ya mlango yamekwisha. Nikaanza kukaa na mama mkwe dakika tano kila asubuhi, sote tukitazama ukuta. Siku ya tatu, nilipokwisha kumpima, alizungumza nami moja kwa moja, bila kumtumia mtu.

"Nilikuwa naona giza kila nikisimama. Tangu ile dawa iongezwe mara ya kwanza."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nikuambie wewe? Mambo ya mwili wangu?" Alikivua kitambaa mkononi. "Na huyu msichana wangu akirudi sokoni amechoka, nimwongezee mzigo?"

Nilisikia vibaya hadi nikashindwa kufunga zipu ya mfuko. Alikuwa ameniheshimu, nami nikamheshimu, na kati yetu sisi wawili hakuna aliyeuliza wala kusema.

Siku hizi vipimo vyake havina kosa hata kimoja. Namkuta tayari kitini, mgongo umeegemea, nyayo ziko chini, mkono mezani. Madaktari wamesema hatasimama tena.