Aliyemsafisha Fidelia

Wenceslao Cahuich aliishi kwa kupeleka wageni kwenye magofu. Asubuhi aliwachukua hotelini mjini Campeche, akawapitisha kwenye vichochoro vya nyumba za rangi ndani ya ukuta wa zamani wa kuzuia maharamia, kisha akawapakia kwenye kigari chake cheupe hadi Edzná. Huko alisimama chini ya piramidi ya ghorofa tano akaeleza nani aliijenga, maji ya mvua yalikusanywaje na kwa nini watu waliondoka. Muda ukibaki, waliteremka kwenye mapango ya Bolonchén kuona maji yaliyojificha chini ya mwamba. Maelezo yalikuwa yale yale, vichekesho vile vile, na wageni walicheka pale pale walipocheka wenzao wa juzi. Kazi ya namna hiyo mtu anaweza kuifanya hata kama hayupo.

Naye hakuwepo. Tangu amzike mkewe, Fidelia Tuz, alikuwa mtu wa kufanya mambo tu. Siku ya mazishi hakutoa chozi, na watu wa Pomuch, mji wake, wakamsifu kwa ushupavu wake. Walimsifia bure. Hakuwa shupavu, ndani yake hamkuwa na kitu. Alikula akashiba, na ukimuuliza alikula nini hakumbuki. Alilala, akaamka, akawasha gari. Hali hiyo haikumsumbua, na mtu asiyesumbuliwa na hali kama hiyo si mzima.

Sasa, kwetu Pomuch mtu hazikwi akaachwa. Miaka mitatu ikitimia kaburi linafunguliwa, mifupa inatolewa, na mwenye mtu wake anaisafisha kwa mkono wake, mmoja baada ya mwingine, kwa brashi na kitambaa. Anaipanga ndani ya sanduku la mbao, juu ya kitambaa kipya kilichotariziwa. Kila mwaka kabla ya sikukuu ya wafu anarudi kuisafisha tena. Watu wa mbali wakisikia wanashika vifua. Sisi tunaona ni kama kumwogesha mgonjwa wa nyumbani. Na ukoo wa Tuz wana lao la ziada, waliloachiwa na mama yao: marehemu anaporudi siku ya sikukuu, anakwenda kula nyumbani kwa aliyemsafisha, si kwingine.

Kwa hiyo Bernarda, dada mkubwa wa Fidelia, alipokuja kusimama mlangoni kwa Wenceslao na kikapu chake cha nyanya, hakuja kuuza nyanya.

"Shemeji, Fidelia muda wake umetimia. Hermilo wa makaburini anafungua kaburi Alhamisi."

"Sawa."

"Sawa ya kuja, au sawa ya kuniondoa mlangoni?"

"Ya kuja."

"Maana wewe siku hizi hata ukiambiwa nyumba inaungua unasema sawa."

"Nitakuja, shemeji."

"Uje na mikono yako. Nikimsafisha mimi atakuja kula kwangu, na sitaki kusikia kwamba nimemnyang'anya mtu mkewe." Akakipandisha kikapu kiunoni. "Lakini dada yangu hatakaa na vumbi akikungoja wewe."

Alipoondoka, Wenceslao alibaki ameshika mlango. Ukweli ni kwamba aliogopa. Mifupa haikumtisha, ameiona ya wazazi wake na ya babu yake. Aliogopa kuishika ya Fidelia mbele ya Bernarda na kubaki vile vile, mkavu, na Bernarda amwone.

Jumatano wakapiga simu mtu na mkewe kutoka Madrid. Walitaka kwenda Edzná, halafu wapitie Pomuch waone makaburi na masanduku waliyosimuliwa. Siku, Alhamisi. Mtu mwingine angesema ana shughuli ya nyumbani. Wenceslao alisema sawa. Alijiambia kwamba siku ni ndefu, atawafikisha Pomuch, atawaacha dukani wakila ile mikate yetu inayosifiwa, naye atakwenda kumsafisha mkewe. Alilipanga jambo hilo kama mtu anayepanga kupitia sokoni.

Wageni hawakuwa watu wabaya. Bibi alikuwa na kofia pana na maswali mengi, mumewe alikuwa na goti bovu, na kwa ajili ya goti hilo piramidi iliwachukua muda. Walipofika Pomuch jua lilikuwa limeshapita utosini. Wenceslao akawaelekeza kwenye mikate.

"Mikate baadaye," akasema yule bibi. "Tuone makaburi kwanza, bado kuna watu."

"Sawa," akasema Wenceslao.

Makaburi yetu ni mitaa myembamba ya vijumba vya saruji, buluu, njano, waridi, na ndani ya kila kijumba sanduku liko wazi ili marehemu aone nje. Wenceslao alitangulia, akieleza. Alieleza vitambaa, alieleza kwa nini fuvu linawekwa juu kabisa, akatia na kile kichekesho cha mzee aliyekuwa mbishi mpaka taya lake halitaki kufunga. Wageni wakacheka. Wakapinda kona, na pale Bernarda alikuwa amechuchumaa mbele ya sanduku jipya, mifupa imepangwa juu ya shuka, haijaguswa bado. Alikuwa amemngoja.

Bernarda hakumlaumu. Aliinua mkono tu, akamnyooshea brashi.

"Na huyu ni nani?" yule bibi akauliza kwa sauti ya chini, ya heshima kabisa. Kwa kuwa lugha yao na yetu ni moja, kila mtu pale alilisikia swali.

Mdomo wa Wenceslao ulikuwa umeshazoea kujibu kabla yake.

"Mwanamke mmoja wa hapa mjini," akasema. "Amekufa miaka mitatu iliyopita. Kwa kawaida wanaanza na mifupa midogo ya miguu, halafu wanapanda."

Alijisikia akiyasema hayo. Alisikia kila neno, kama unavyosikia redio ya jirani, na kuizima hakuweza. Bernarda alimtazama usoni, muda mrefu, akitafuta mtu. Kisha akaushusha mkono wenye brashi.

"Endelea na wageni wako, bwana," akasema.

Hakumwita shemeji. Akachukua mfupa mdogo wa mguu akaanza kuufuta, na Wenceslao akaendelea na wageni wake. Aliwapeleka kwenye mikate, akawarudisha Campeche, wakamshika mkono na kumwambia siku ilikuwa nzuri sana. Akaendesha tena hadi Pomuch. Hermilo, mlinzi wa makaburi, alikuwa anafagia langoni.

"Umechelewa, Wences. Wako ameshapangwa, mzuri kabisa. Mwaka ujao ulipie niwe nakusafishia mimi, nina wateja wavivu kuliko wewe."

"Bernarda amesema nini?"

"Na mimi? Hakuna. Marehemu ndiye aliyesema naye sana. Amemweleza njia ya kwake, kona kwa kona, mpaka na mbwa wa jirani asimwogope."

Wenceslao akasema sawa.

Sikukuu ilipofika, alichimba shimo uani mwenyewe, akawasha moto, akaufukia humo mkate mkubwa wa mahindi wenye kuku ndani mpaka ukaiva, kama wanaume wote wa mtaa. Alitandika meza. Aliweka maua, mshumaa, kikombe cha chokoleti na sahani ya Fidelia, akaketi kungoja. Kutoka nyumba za jirani aliwasikia watu wakiwakaribisha wa kwao kwa majina. Kwake mshumaa uliwaka, chokoleti ikapoa ikafanya utando. Hakuna aliyeingia. Miaka mitatu aliishi humo peke yake na hakujua, sasa akajua. Akaufunika mkate kwa jani la mgomba, akaubeba hadi kwa Bernarda.

Bernarda alifungua mlango, akautazama mkate, akamtazama yeye.

"Unakula, au una wageni?"

"Sina wageni."

"Basi ingia."

Meza ilikuwa imejaa. Upande wa ukutani palikuwa na kiti kitupu kilichovutwa nyuma kidogo, na mbele yake chakula kikitoa moshi. Bernarda alimpa kiti cha karibu na mlango, ambapo tunakalisha watu tusiowafahamu sana. Wenceslao hakukaa.

"Yupo?" akauliza.

"Anakula."

"Mwambie nimekuja."

"Mwambie mwenyewe, si unajua kueleza?"

Wenceslao alikigeukia kile kiti. Alifungua mdomo uliokuwa ukieleza wafalme na mapango mwaka mzima bila kukwama, na hakuna kilichotoka. Bernarda alingoja. Alimpa nafasi, hilo lazima lisemwe. Alipoona kimya hakina mwisho, akainamia kiti, akasema kwa upole kama mtu anayemtambulisha mgeni:

"Fidelia, kuna mwanamume mmoja wa hapa mjini amekuja kukuona."

Ikamwingia. Kuanzia mazishi hakuna kilichokuwa kimemuuma, na hili lilimuuma mahali pote kwa pamoja, hata akashika ukingo wa meza. Bernarda akampakulia chakula.