Anayepika Asali Haionji

Kwetu Uvira, anayepika asali ya miwa haionji. Ndivyo bibi yangu alivyofundishwa na mama yake. Alisema ulimi wa mtu aliyekaa motoni tangu asubuhi umeshakula moshi na mvuke, hauna ukweli tena. Asali ikikaribia kuiva, unagonga ukingo wa sufuria kwa mwiko, na mtu wa kwanza kufika ndiye anayeonja. Akisema bado, inabaki motoni. Akisema tayari, unaiepua hapo hapo, hata kama macho yako yanaona vingine.

Mara nyingi wa kwanza kufika nilikuwa mimi. Nilikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakija. Shuleni mwalimu akiniuliza swali, jibu nilikuwa nalo, lakini lilikataa kutoka. Ila mbele ya ile sufuria nilisema "bado", na bibi, ambaye hakumsikiliza hata mchungaji, aliinama akaongeza kuni. Sikumbuki mahali pengine ambapo neno langu lilifanya kazi namna ile.

Siku hizi bibi hapiki tena, mikono inamtetemeka. Na mimi nilikuwa sijaona miwa tangu nije Johannesburg, mpaka Jumamosi moja ya baridi nikitoka kazini, kwenye duka la fundi cherehani ninakokunja pindo za suruali. Pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, za Rosettenville palikuwa na mzee amesimamisha miwa ndani ya toroli la supamaketi. Alisema imetoka upande wa Durban. Nilinunua mzigo mmoja, nikaubeba begani mpaka nyumbani, watu wakinipisha njiani, maana miwa ilikuwa mirefu kuliko mimi.

Ninaishi chumba cha uani. Tuko wapangaji watatu, milango yetu inatazama bomba moja la maji. Mmoja ni mama wa Msumbiji anayesuka nywele. Mwingine ni mlinzi, mwanaume mkubwa anayelala mchana na kutoka jioni na sare yake. Yeye na mimi tulikuwa tunasalimiana kwa Kiingereza: habari, nzuri, leo baridi. Basi. Tangu kaka yangu ahamie Cape Town kufuata kazi, zilikuwapo Jumapili ambazo sauti yangu niliisikia kwa mara ya kwanza jioni, nikikohoa.

Jumapili ile nilimenya miwa, nikaikatakata, nikaiponda kwa nyundo ndani ya beseni, kwa sababu kinu sina. Nikaikamua kwa kipande cha kitambaa cha marekani kilichobaki kazini. Maji yake yalitoka ya kijivu, kama maji yaliyooshewa mchele. Nikawasha mbao za masanduku kwenye imbawula, lile jiko la debe lililotobolewa matundu, nikateleka sufuria.

Kazi ya asali ni kungoja. Povu linapanda, unalitoa kwa kijiko, linapanda tena. Sufuria iliyojaa pomoni inashuka bila wewe kuona inashukaje. Mchana ukapita. Rangi ikawa ya chai ya maziwa, kisha ya chai kavu. Harufu ikajaa uani, nami nikashangaa kwamba hakuna mlango uliofunguka. Kwetu harufu ile ingekuwa imeshaleta nusu ya mtaa, kila mtu na kisingizio chake cha kuazima chumvi.

Kisha mapovu yakawa makubwa na mazito, yanapasuka taratibu kama uji. Nikajua saa imefika. Nilitaka mtu aonje. Kusema kweli, nilikuwa nimelitaka hilo tangu nilipoona miwa: mtu asimame karibu na moto wangu aniambie bado, au aniambie tayari. Nikaitazama milango. Kubisha hodi siwezi. Nilipanga maneno kichwani, yakavurugika, nikayapanga tena, na asali hainingoji. Kugonga sufuria kulikuwa rahisi zaidi, maana hapo sufuria ndiyo inayoongea. Nikagonga kwa nguvu, kama bibi.

Nilisahau niko wapi. Mtaani kwetu hapa, mwizi akionekana, watu hugonga vyombo na nguzo. Milango ikafunguka kwa kishindo. Mama wa Msumbiji alitoka na fagio juu. Mlinzi alitoka na rungu, soksi mguu mmoja.

"Amepita wapi?" akauliza kwa Kiingereza.

Nikaonyesha sufuria.

Mama akaja akachungulia ndani. "Eish," akasema, akaniangalia kama mtoto aliyevunja sahani, akarudi ndani na fagio lake. Mlinzi akabaki. Nikachota kidogo kwa kijiko, nikapuliza, nikamnyooshea.

"Nini hii?"

"Asali ya miwa." Neno la Kiingereza sikulipata, Kiswahili kikatoka chenyewe.

Akakunja uso. "Kumbe unaongea Kiswahili! Muda wote huu unanisumbua na Kiingereza." Akakitazama kijiko. "Onja wewe kwanza."

"Kwetu anayepika haonji."

"Hata kwetu. Anayetia sumu haonji."

Alicheka peke yake.

"Kwenu wapi?" nikauliza.

"Bujumbura."

"Mimi wa Uvira."

Akashusha rungu. "Uvira hii ya ng'ambo ya ziwa? Usiku tulikuwa tunaziona taa zenu!"

"Na sisi zenu."

"Zenu zilikuwa chache, mdogo wangu. Tuliwahurumia."

Akachukua kijiko. "Haya. Nikifa, utanizika wewe." Akafumba macho, akaonja, akalamba mdomo wa juu. Nilisimama mbele yake kama bibi alivyokuwa akisimama mbele yangu.

"Bado," akasema.

Haikuwa bado. Nilikuwa nimeiona ikining'inia kwenye kijiko kama uzi bila kukatika, na hiyo ndiyo tayari yenyewe. Yeye alitaka utamu zaidi tu. Lakini aliyeonja ameshasema. Na kwa desturi yetu, aliyesema bado lazima arudi kuonja tena. Nikamwambia hivyo.

"Sharp," akakubali. "Navaa kwanza, nakuja."

Nikaongeza mbao.

Alipotoka alikuwa na sare na koti, simu sikioni. Gari la kazini lilikuwa linapiga honi nje ya geti. Aliniinulia mkono akipita. "Naonja kesho, mdogo wangu!" Geti likajifunga.

Hapo ningeweza kuiepua. Ilikuwa bado inaokoleka. Sikuiepua. Nilikoroga, jua likashuka nyuma ya mabati, baridi ikanipiga mgongoni na moto usoni. Harufu ikageuka, ikawa kali. Mama wa Msumbiji akafunga dirisha. Nilikoroga mpaka mkono ukachoka, na nilipouachia mwiko ulisimama wenyewe katikati ya sufuria, mweusi, haujaegemea popote.

Nikaibeba ndani hivyo hivyo. Nikaiweka chini karibu na mlango, na kando yake kijiko kimoja safi cha kesho.