Flaviana na Vifuko Visivyopasuka

Jirani yangu hapa Goba, Flaviana, analipwa mshahara kwa kuishindisha hamira njaa. Mimi hamira naijua kwenye maandazi tu, kwa hiyo siku aliponieleza kazi yake ya maabara nilicheka mpaka nikamwaga chai.

"Usicheke, mama Lusungu. Seli ya hamira ukiinyima chakula inajila yenyewe. Vitu vyake vichakavu inavifunga kwenye vifuko vya utando wa mafuta, inaviingiza tumboni. Kuna kimeng'enya kinayeyusha ule utando, ndo vilivyomo vinakuwa chakula. Mie nazichunguza zile zilizokikosa. Vifuko vinajaa tele tumboni, na seli inakufa njaa."

Nikaacha kucheka, maana macho yangu yalikuwa yameangukia mabegi mawili nyuma ya mlango wake: nguo za Benjamin, marehemu mumewe. Kwa desturi ya kina Benjamin, mjane hafungui nguo za marehemu. Ndugu wa mume ndio huzigawa. Walipoanua matanga kule Masasi, walisema hizi za Dar watazifuata wenyewe. Masika mawili yamepita. Kila Jumamosi Flaviana alipika wali wa kulisha ukoo, na jioni, wakiwa hawajatokea, akaniletea sufuria nzima. Mwanzoni nilifurahi, mlafi mimi. Baadaye ule wali ukawa unanikaba, nikawachukia wale mashemeji bila hata kuwaona.

Mwezi uliopita uvumilivu ukanishinda. "Si umpigie huyo mkubwa wao?"

Akampigia Apolinari palepale, akaweka spika.

"Shikamoo, shemeji. Zile nguo za Benjamin bado nawasubiri."

"Marahaba. Nguo? Aa, zigawe tu hukohuko, shemeji. Sie huku yale mambo tulishayamaliza."

Moyo wangu ukatulia. Ruhusa imepatikana, na kwa alivyonifundisha mwenyewe, vifuko vikipasuka seli inashiba. Flaviana akafungua zipu za mabegi. Mashati akanipa nimpelekee mume wangu, makoti akayatenga kwa ajili ya watu wa jumuiya. Mabegi yakabaki matupu sakafuni, naye akakaa katikati yake akilia kama amefiwa siku ileile.

"Nyamaza, mwenzangu," nikamwambia. "Si umeshautua mzigo?"

"Mzigo gani? Nguo ningeweza kuzigawa siku yoyote, nani angeniona? Mie nilikuwa nataka waje."