Mke Mwenza wa Shaba

Wifi yangu Murdina aliolewa na kaka yangu Torquil akijua fika kwamba ana mwingine. Huyo mwingine ni chungu cha shaba cha kukenekea wiski, pale kiwandani kwetu, kisiwani Islay: kinene chini, shingo ndefu kama ya bata maji. Baba yetu alikitumikia, akamrithisha Torquil. Ni yeye aliyejua kwa pua tu lini aukatae mkondo wa kwanza unaochoma koo, lini achukue ule wa katikati wa kutia mapipani.

"Leo alikuwa mjeuri," Torquil atasema akirudi, nguo zinanuka moshi. "Moto ukizidi kidogo, anatapika."

"Mimi nikitapika huniletei hata ndoo," Murdina atamjibu.

Siku ya ubatizo wa binti yao Ishbel, kanisa lilijaa, baba mtu hayupo. Murdina alinipa mtoto, akashuka kiwandani, akaokota nyundo ya mafundi wa mapipa, akakitandika chungu ubavuni mbele ya wafanyakazi wote.

"Hiyo ni salamu kutoka kwa mke wa ndoa!"

Kikabonyea. Meneja alitaka kukinyoosha, wazee wakamkataza. Chungu kikibadilika umbo, wiski nayo hubadilika; kwanza ionjwe, walisema. Ya msimu ule ilipotoka mapipani ikasifiwa mpaka ng'ambo. Basi kibonyeo cha wifi yangu kikawa mali ya kiwanda, na yeye akazidi kununa. Amempiga mwenzake, mwenzake kapendeza!

Miaka ikaila shaba, ikawa nyembamba. Kikaagizwa kipya.

"Kikiondoka, na mimi narudi nyumbani," Torquil aliapa. Murdina akangoja siku hiyo kama bibi harusi.

Kipya kikaja na makovu yote ya kale yameigwa, cha Murdina kikiwemo. Meneja akamsihi Torquil abaki akizoeze. Nilipomfikishia wifi habari hiyo, alichukua kisu. Alimenya viazi vya mtu mmoja.

Torquil alikigonga kipya kwa vidole, akasikiliza. "Kibonyeo wamekiiga," aliniambia, "hasira hawakuiga." Akaaga.

Akaingia nyumbani na kipande cha shaba kuukuu kwapani.

"Ndiyo nini hiyo, baba Ishbel?"

"Kipigo chako. Niliwaomba wanikatie. Chungu kizima kinakwenda kuyeyushwa, mimi nimechukua hiki tu, cha mkono wako."

"Cha mkono wangu, kwenye mwili wa nani?"

Kabla chakula hakijaiva, Murdina alikuwa amekigongomea kile kipande kuziba tundu la banda la kuku.

Sasa Torquil yuko nyumbani kutwa. Murdina ameshinda, na usithubutu kumwambia vingine. Ila huyu kaka yangu, ambaye hakuwahi kujua kama wana kuku au bata, siku hizi hakubali mtu mwingine awalishe.