Saa Mbili ya Bi Mwanaidi

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, mwanangu, nikiwa na miaka kumi na tisa, hapa hapa Toronto. Kila mwaka hufanyika tamasha la muziki katika bustani moja ya mjini, na mwaka ule, kwa mara ya kwanza, sisi Waswahili wa hapa tulipewa nusu saa jukwaani. Mwimbaji wetu alikuwa Bi Mwanaidi, mjane wa Kitanga aliyekaa mtaa wa Lawrence Heights. Tangu aje nchi hii alikuwa hajaimba popote ila harusini.

Mimi nilifanywa karani wa kikundi kwa ajili ya Kiingereza changu. Kiswahili nilikisikia nyumbani na kukijibu kwa Kiingereza, kama mfanyavyo nyinyi, msinifiche. Barua ya waandaaji ilisema two o'clock. Nikampigia Bibi simu, nikajitutumua: "Bibi, Jumamosi, saa mbili." Baba alikuwa chumba cha pili. Ningemuuliza angenicheka, nami sikutaka kuchekwa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Kosa umeshaliona. Two o'clock yao ni saa nane yetu. Bi Mwanaidi alifika saa mbili asubuhi, hina mikononi, akakuta mafundi ndiyo kwanza wanafunga vyuma vya jukwaa. Akangoja hadi saa nne. Hakumwona hata mmoja wetu, akadhani amefanyiwa mzaha, akapanda basi akarudi zake. Saa nane tulimwita kwenye kipaza sauti mara tatu. Tukapiga simu kwake, haikupokelewa. Wapiga ngoma wakapiga peke yao mpaka zamu yetu ikaisha.

Jioni nilikwenda kwake, nikamkuta anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitikia marahaba.

"Bibi, I'm so sorry. Nilisema saa mbili, but I meant..."

"Ulitaka uonekane unajua," alisema, macho kwenye ungo. "Ungesema tu baada ya adhuhuri, ningefika. Hata hicho Kizungu chako ungekisema, ningetafuta wa kunifafanulia. Wewe ukanipa nusu huku, nusu kule."

Mwaka uliofuata tulialikwa tena. Nikaenda kwake na saa nimeiandika kwa herufi kubwa. Akanikaribisha chai, akasema hina ile imeshafutika, tutafute mwingine. Maji yakimwagika hayazoleki. Hakuimba pale hadi alipofariki, na sauti yake mimi niliisikia mara mbili tu, zote harusini. Hilo linaniuma hadi leo.

Basi, mwanangu, ukitumwa neno usilolijua vizuri, uliza, hata ukichekwa. Kicheko cha baba yangu kingekwisha kabla chai haijapoa. Na mdogo wako akija kukuuliza wewe, usimcheke.

Mola akupe ulimi usioona haya kuuliza. Na siku yako ya kupanda jukwaani ikifika, akujalie ukute watu wanakungoja.