Siku Mama Aziza Alipoulizwa Kuhusu Kabine Yetu

Bora niwaambie habari hii mwenyewe, maana hapa Kasongo kila mutu ameshaisimulia kwa namna yake, na katika kila namna mimi ndiye mujinga, na kusema kweli hawakukosea.

Nafanya kazi kwa Metre Salumu (huku kila avoka, yaani wakili, tunamuita Metre, hata yule asiyeshinda kesi). Kabine yetu, ndiyo ofisi yake, ina watu wawili: yeye anasema, mimi naandika. Basi ikafika fomu toka Kinshasa, kwa watu wanaopanga kabine za mawakili, nani wa kwanza, nani wa pili, halafu wanatoa cheti. Walitaka tueleze kesi kubwa tuliyoshinda, na tuweke namba ya muteja wanayeweza kumupigia simu. Metre akaniambia, "Feza, andika vizuri. Cheti kile nakitaka pale ukutani."

Shida ni kwamba mwaka ule hatukushinda kesi hata moja. Iliyokaribia ni ya muteja wetu Mama Aziza wa Nyangwe, mujane ambaye shemeji yake alitaka kumunyang'anya shamba la ngazi, ile miti ya mawese. Mama Aziza alishinda, lakini peke yake, kwa sababu siku ya kesi Metre alikuwa Salamabila kutafuta wateja kati ya wachuuzi wa dhahabu, na mimi niliyepaswa kushika nafasi yake nilikosea tarehe (ndiyo, tarehe, chekeni tu). Mama yule alisimama mbele ya tribinali bila avoka, akaita majirani, akaeleza nani alipanda kila muti, na juji akamurudishia shamba.

Mimi nikaandika kwamba kabine yetu ilipanga mashahidi kwa ufundi mukubwa na kumutetea muteja kwa saa mbili nzima. Namba yake niliiweka kwa makusudi, maana kule kwao rezo ya simu inashika kwa bahati. Nikajua watapiga, watamukosa, watachoka, watatuamini.

Metre alisoma, akasema, "Siku ile nilisema kwa nguvu kweli." Nikamuangalia. Hakuwa anatania. Juma lililofuata alikuwa anasimulia sokoni majibu makali aliyomupa yule shemeji, na mimi mwenyewe nikaanza kuyapenda.

Halafu Kinshasa wakaandika: muteja hapatikani, tutapiga Alhamisi saa nne asubuhi, mutafute namna ya kumupata. Hapo ningeweza kusema ukweli, lakini nikamupelekea Metre barua ile. Metre akatuma pikipiki Nyangwe kumuleta Mama Aziza, akaalika padri, shehe, hata juji aliyesikiliza kesi yenyewe (ndivyo alivyokuwa ameshajiamini), akapanga viti na maandazi, akaweka simu katikati ya meza na kufungua sauti ili wote wasikie.

Mama Aziza alifika na kitenge chake cha siku kubwa. Nikamunong'oneza, "Mama, wakikuuliza, itika tu ndiyo." Akaniangalia kama nimemusemesha lugha asiyoijua.

Simu ikalia. Bwana wa Kinshasa akauliza kwa upole, "Mama, avoka wako alikusaidia namna gani siku ya kesi?"

"Avoka gani, baba? Siku ile hakufika mutu. Nilingoja mpaka juji akasema nianze tu, nikaanza."

Juji, andazi mukononi, akatikisa kichwa kukubali.

"Lakini mashahidi, si kabine iliwapanga?"

"Mashahidi niliwaita mimi. Na karatasi zangu za shamba ziko huko kwao kabine mpaka leo, kila nikituma mutu wanasema arudi kesho."

Padri akakohoa. Shehe akaangalia viatu vyake. Yule bwana akashukuru na kukata, na hakuna aliyecheka, ndiyo maana niliumia zaidi. Kicheko nilikisikia baadaye, walipofika barabarani. Metre akawageukia waliobaki, akasema, "Feza ndiye aliyeandika." Ilikuwa kweli, na nadhani ndilo neno la kwanza la kweli alilosema tangu fomu ifike.

Kinshasa walitutoa katika orodha yao kwa barua ya mistari miwili. Sasa mutu mwenye shida ya shamba anapita mbele ya mulango wetu akiuliza njia ya kwenda Nyangwe kwa Mama Aziza.

Zile karatasi nilizitafuta siku ile ile, na kesho yake nikazipeleka mimi mwenyewe. Mama Aziza alizipokea, akaziangalia moja moja, akanipa kiti na sahani ya samaki. Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Alisema tu, "Feza, mwanangu, siku ile nilikuwa naangalia mulango wa tribinali. Kila mutu aliyeingia, nilifikiri ni wewe."

Tangu hapo sijaandika tena habari ya mahali ambapo sikuwepo, na siku ya kesi, watu wa tribinali wakija kufungua, wananikuta nimeshafika.